Mthamini Mfanyakazi Kabla Hajaandika Barua ya Kuacha Kazi

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakuu wa idara za kaunti, wenye hoteli, maduka na karakana, na wasimamizi wa shule za kibinafsi, katika maandalizi ya Sikukuu ya Wafanyakazi.



Kila tarehe 1 Mei wafanyakazi wa Kenya husifiwa kwa hotuba. Huitwa uti wa mgongo wa uchumi, hupigiwa makofi, na redio huwekwa karibu kusikiliza kama kima cha chini cha mshahara kitaongezwa. Kesho yake watu hurudi kazini na mambo huendelea vilevile. Mazungumzo ya leo yanahusu siku nyingine zote za mwaka, na hasa siku moja ambayo mwajiri huwa haioni ikija: siku mfanyakazi wake hodari anapoingia ofisini na bahasha mkononi.

Chukueni mfano wa mpishi mmoja katika hoteli iliyo karibu na stendi ya matatu. Amefanya kazi hapo miaka saba. Kabla ya adhuhuri ya Waislamu hata kukaribia, yeye tayari amepika mara mbili. Alfajiri ndiye anayewasha jiko, ndiye anayekanda unga wa chapati, ndiye anayejua ni duka gani la jumla linalouza maharagwe yasiyo na mawe. Madereva na makondakta wanamjua kwa jina. Vijana watatu waliofunzwa naye sasa ni wapishi kwingine.

Mwaka wa tatu aliomba nyongeza. Akaambiwa angoje biashara ichangamke. Mwaka wa tano akaletwa mpishi mgeni, na siku ya mshahara mama huyu akagundua kwamba mgeni analipwa zaidi yake, ingawa yeye ndiye aliyemwonyesha vyombo viliko. Likizo yake ikaahirishwa mara mbili kwa sababu Desemba wateja ni wengi. Akaomba tena nyongeza, akajibiwa kwamba wanaoitafuta kazi hiyo wako kwenye foleni hadi barabarani. Baada ya hapo hakuomba tena. Mwenye hoteli akafikiri ameridhika.

Kisha barua ikaja. Jioni hiyohiyo mwenye hoteli alimwita, akamvutia kiti, akamwita mama kwa mara ya kwanza, akamwambia kwamba bila yeye hoteli haiwezi kwenda. Akamwongezea shilingi 5,000 papo hapo. Mpishi akauliza swali moja tu: "Kama pesa hizi zilikuwapo, mbona miaka yote hii niliambiwa hazipo?"

Mpishi huyu ni wa mfano, lakini bila shaka kila aliyeketi humu amemtambua. Wengine wamemwona kama mhasibu, wengine kama mwalimu wa hisabati, wengine kama fundi wa karakana au muuguzi wa zahanati. Wako pia ambao walikuwa mpishi huyo kabla ya kuwa wasimamizi. Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Swali lake linahitaji jibu. Mara nyingi mwajiri hakusema uongo kwa makusudi. Alikuwa na pesa kidogo na mahitaji mengi: kodi ya jengo, leseni, umeme, ada za watoto. Katika hali hiyo pesa huenda kwa anayepiga kelele zaidi, na mfanyakazi mwaminifu hapigi kelele. Anafika mapema, anafunga jioni, hesabu zake hazina kasoro. Anageuka kuwa kama ukuta wa nyumba: hakuna anayeutazama mpaka uonyeshe ufa. Kwa njia hiyo uaminifu wenyewe ndio unaomfanya asahaulike.

Jambo la pili ni kwamba kimya husomwa vibaya. Mfanyakazi anayelalamika kuhusu saa za kazi bado ana matumaini kwamba mambo yanaweza kurekebishwa. Anayepaswa kumtia mwajiri wasiwasi ni yule aliyekuwa akilalamika, kisha akanyamaza. Aliyekuwa akitoa mawazo mkutanoni sasa anaitikia tu. Aliyekuwa akibaki dakika ishirini kumalizia kazi sasa anaondoka saa ikigonga. Ghafla anaomba nakala ya barua yake ya kuajiriwa na vyeti vyake vilivyo kwenye faili. Huyo ameshaondoka moyoni, na barua itafuata.

Na nyongeza ya siku ya barua ina hasara nyingine. Hata mpishi akikubali kubaki, habari zitafika jikoni kabla ya usiku kuingia. Wenzake watajifunza kwamba katika hoteli hii uvumilivu haulipi na barua ya kuondoka inalipa. Mwezi unaofuata mwajiri atapokea barua mbili, na hatajua ipi ni ya kweli na ipi ni ya kumpima.

Mabibi na mabwana, itakuwa makosa kuwanyoshea kidole wenye hoteli na maduka peke yao. Serikali za kaunti nazo ni waajiri, tena wakubwa. Tangu mwaka wa 2013, Jedwali la Nne la Katiba lilipoanza kutekelezwa, hospitali za kaunti, vituo vya afya na zahanati ziko chini ya kaunti, pamoja na wauguzi, madaktari na maafisa wa kliniki wanaozihudumia. Sekta hiyo imetoa somo ghali.

Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma nchini waligoma. Walichodai ni utekelezaji wa mkataba uliotiwa saini mwaka wa 2013. Mgomo ulidumu siku 100, hadi Machi 2017. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma tena, mara hii kwa siku 56, na miongoni mwa madai yao yalikuwa malipo ya madaktari wanagenzi na utekelezaji wa mkataba wa 2017. Baina ya migomo hiyo miwili, Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano yanayowawezesha wauguzi na wahudumu wengine wa afya wa Kenya kwenda kufanya kazi Uingereza.

Wengi waliochukua nafasi za ng'ambo walifuata mshahara, na hakuna wa kuwalaumu kwa hilo. Kaunti haiwezi kushindana na pauni. Lakini ukimsikiliza muuguzi anayefunga mizigo, mshahara huwa jambo moja kati ya mengi. Atataja mshahara uliochelewa hadi akashindwa kumlipa mwenye nyumba. Atataja miaka aliyokaa katika daraja lilelile la kazi huku waliosoma naye wakipanda. Atataja kuomba glavu na kuulizwa za juzi zilikwenda wapi. Atataja mkataba wa muda unaoongezwa kila unapokaribia kuisha, kiasi kwamba benki haimpi mkopo wa kujenga. Mengi kati ya haya hayangehitaji pauni kuyarekebisha.

Na anapoondoka, hasara haiishii kwenye faili ya wafanyakazi. Zahanati ya mashambani mara nyingi huwa na wauguzi wawili, wakati mwingine mmoja. Huyo mmoja akienda, mlango hufungwa mpaka apatikane mwingine. Mama mwenye mimba ya miezi minane hukodi bodaboda hadi hospitali ya kaunti ndogo. Mtoto hukosa chanjo ya wiki ya sita. Gharama ya kutomthamini mfanyakazi mmoja hulipwa na watu ambao hawakuwapo katika ofisi aliyodharauliwa.

Tatizo hili halikuanzia Kenya, na hata matajiri limewagharimu. Mwaka wa 1913 kampuni ya magari ya Ford, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ilikuwa inaongoza duniani kwa kuunda magari kwa wingi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha: mtu kufunga skrubu zilezile kutwa nzima. Wafanyakazi walikuwa wakiacha kwa kasi kubwa mno. Ili kuwa na watu wapatao 14,000 kiwandani, kampuni ililazimika kuajiri zaidi ya watu 52,000 katika mwaka huo mmoja. Kila aliyeingia alipaswa kufunzwa, na kabla hajazoea alikuwa ameshaondoka.

Tarehe 5 Januari 1914 Henry Ford alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha awali, na akapunguza siku ya kazi kutoka saa tisa hadi saa nane. Watu walijaa kwenye lango la kiwanda, na idadi ya wanaoacha kazi ikashuka sana. Mpango huo ulikuwa na dosari zake, kwa maana kampuni ilituma wakaguzi majumbani kuchunguza jinsi wafanyakazi wanavyoishi. Lakini Ford alikuwa amefanya hesabu ambayo waajiri wengi hawaifanyi: alilinganisha gharama ya kumlipa vizuri aliyepo na gharama ya kutafuta na kufunza wengine kila mwezi.

Hesabu hiyo inaweza kufanywa hata na mwenye duka dogo, kwa kalamu na karatasi. Aandike siku ambazo kazi ililala kabla ya kumpata mtu. Aandike wiki ambazo mgeni alikuwa akijifunza kwa kuharibu. Aandike wateja waliomfuata aliyeondoka. Aandike saa alizotumia yeye mwenyewe kukaa kaunta badala ya kutafuta mali. Kisha ajumlishe, na alinganishe na ile nyongeza aliyoinyima. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo hupewa wafanyakazi wanaotamani kuhama. Inamfaa pia mwajiri anayemlipa mgeni kuliko mwenyeji.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa sababu kumthamini mfanyakazi huanzia kwenye haki yake kabla ya kufika kwenye hisani. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini, pamoja na malipo ya haki na mazingira bora ya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inafafanua.

Mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi unapaswa kuwa wa maandishi, na wajibu wa kuuandaa ni wa mwajiri. Baada ya kila miezi 12 ya kazi mfanyakazi anastahili likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa malipo kamili. Mama aliyejifungua ana miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa malipo, na baba ana wiki mbili. Muda wa majaribio hauzidi miezi sita, na ukiongezwa ni lazima mfanyakazi akubali, na hauongezwi zaidi ya miezi sita mingine. Kibarua wa kutwa aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja hawezi kuendelea kuhesabiwa kama kibarua wa kutwa, hata kama analipwa kila jioni. Na kazi zenye thamani sawa hulipwa sawa.

Mwajiri anayempa mfanyakazi likizo yake hajamfanyia hisani. Amelipa deni. Ukisikia mtu akisema "nilimruhusu aende likizo", ujue kuna kitu hakijaeleweka.

Baada ya sheria kutimizwa, ndipo shukrani huanza. Hapa kuna mambo manne ambayo yanaweza kuanza Jumatatu.

La kwanza, mwite mfanyakazi wako mzuri ukae naye kabla hajakuita. Muulize maswali matatu: ni kitu gani kinachokufanya ubaki hapa, ni kitu gani kinachokuchosha, na ungependa kuwa wapi baada ya miaka miwili? Kisha nyamaza usikilize. Ofisi nyingi humuuliza mtu maswali haya siku ya mwisho, akiwa anarudisha funguo. Majibu ya siku hiyo ni mazuri, ila yamechelewa.

La pili, toa jibu lenye tarehe. "Subiri" haina mwisho. Kama hakuna pesa mwezi huu, sema ukweli, eleza hali ilivyo, na taja ni lini mtaongea tena. Tarehe hiyo ikifika, mwite wewe. Usingoje aje yeye. Mtu anaweza kuvumilia hapana iliyoelezwa kuliko labda isiyokwisha. Wakuu wa idara mnajua kwamba wapo maafisa waliokaimu vyeo kwa muda mrefu, wakibeba majukumu ya bosi kwa mshahara wa naibu. Kukaimu kulikusudiwa kuwa kwa muda. Faili za watu hao zipelekwe kwenye Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na wenyewe waambiwe zimefika wapi.

La tatu, taja jina la aliyefanya kazi. Ripoti ikisifiwa, sema nani aliiandika. Mgonjwa akirudi kushukuru, shukrani zimfikie muuguzi wa zamu ya usiku. Chanda chema huvikwa pete, lakini pete ikivikwa chanda kingine, chanda chema kitaona. Jambo hili halihitaji bajeti wala idhini ya bunge la kaunti.

La nne, lipa kwa tarehe. Mshahara mdogo unaofika kwa wakati humwezesha mtu kupanga maisha. Mshahara mkubwa usiojulikana utafika lini humfanya mtu awe mdeni wa duka la mtaani. Penye ucheleweshaji, mfanyakazi asiusikie uvumi kwenye ngazi. Aambiwe na mkuu wake, mapema, kwa maandishi.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni maneno, na kwamba mfanyakazi hali shukrani. Wana haki ya kusema hivyo. Sifa bila nyongeza, mwaka baada ya mwaka, hugeuka kuwa dhihaka. Cheti cha mfanyakazi bora hakilipi ada ya shule. Ndiyo maana mambo haya manne huenda pamoja na mkoba ulio wazi: pesa zinapopatikana, aliyepo ahesabiwe kabla ya anayeletwa. Na zinapokosekana, mkubwa naye aonekane akijinyima. Mfanyakazi anayeambiwa hakuna pesa, kisha akaona gari jipya la bosi likiegeshwa mlangoni, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Na pamoja na juhudi zote, wapo watakaoondoka. Wengine wanamfuata mwenzi aliyehamishwa, wengine wanarudi chuoni, wengine wamepata mahali ambapo hakuna mwajiri wa hapa anayeweza kupafikia. Hapo ndipo tabia ya mwajiri huonekana. Kuna wanaosema asante ya punda ni mateke, wakazuia mshahara wa mwisho, wakaficha vyeti, wakakataa hata kuaga. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi kwa kila mfanyakazi aliyemaliza kazi, isipokuwa aliyefanya chini ya wiki nne mfululizo. Siku za likizo alizolimbikiza nazo zina malipo yake. Mpe haki yake, mshukuru mbele ya wenzake, muombe amfunze atakayeshika nafasi yake. Wanaobaki wanatazama, na wanajifunza watakavyotendewa wao siku yao ikifika. Aliyeagwa vizuri anaweza kurudi siku moja akiwa na ujuzi zaidi, au akawa mteja, au akakuletea mtu mwingine hodari.

Wafanyakazi nao wana sehemu yao. Mwajiri hasomi yaliyo moyoni. Anayetaka nyongeza aombe kwa heshima na kwa maandishi, akionyesha kazi aliyoifanya. Anayeondoka atoe notisi anayotakiwa; kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataja siku 28. Kupotea ghafla huku simu imezimwa huwaumiza wenzako kuliko unavyomuumiza bosi, na zahanati yenye muuguzi mmoja haistahili kufungwa bila taarifa.

Tumalizie kwa yule mpishi. Alikunja aproni yake, akaiweka juu ya kaunta, akamwambia kijana wa jikoni mahali pa kupata yale maharagwe yasiyo na mawe. Hakuondoka kwa hasira. Shilingi 5,000 zingetosha kumbakisha mwaka wa tatu. Mwaka wa tano, pengine hata maneno ya ukweli na siku 21 za kupumzika kijijini zingetosha. Mwaka wa saba hakuna kilichotosha.

Katika kila ofisi, duka, shule na zahanati inayowakilishwa hapa yuko mtu ambaye leo bado yuko mwaka wa tatu. Jina lake mnalijua. Mkirudi kazini, mtafuteni mzungumze naye kabla ya wiki kuisha.